Hakuna Mtu Aliyemmaliza

Hapa Lubumbashi mtu mzima akifa bila kulazwa hospitalini, kilio hakiishi bila jina la mtu kutajwa. Turubai halijafungwa sawasawa, akina mama hawajamaliza kutandika mikeka, na tayari upande wa wanaume, kwenye viti vya plastiki, swali limeulizwa: nani alimumaliza? Jana alikuwa kazini. Jumamosi alikuwa kwenye ndoa kule Katuba, akala, akanywa, akacheza hadi usiku. Mtu wa namna hiyo hafi hivihivi. Ni wivu wa kazini, ni wajomba, ni mke aliyeitaka nyumba, ni sumu iliyotiwa kwenye bilauri.

Napinga fikra hiyo, na sitaipinga nusunusu. Naihesabu kati ya mambo yanayotufanya tuendelee kuzika baba na mama zetu wakiwa na miaka 45, 52, 58. Popote duniani, mtu aliyepita umri wa miaka 35 akianguka ghafla na kukata roho, kitu cha kwanza ambacho daktari hukitilia shaka ni mishipa inayolisha moyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba maradhi ya moyo na ya mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9 mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo vyote vya maradhi hayo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchi kama yetu. Hakuna ugonjwa mwingine unaoua binadamu wengi kuliko huo, lakini katika vilio vyetu ndio usiotajwa.

Tulitazame kwanza hilo la "jana alikuwa mzima", maana mashtaka yote yameegemea hapo. Hakuwa mzima. Alikuwa hajisikii mgonjwa tu. Moyo ni msuli unaopiga mara kama 100,000 kwa siku, na haujilishi kwa damu inayopita ndani ya vyumba vyake. Unalishwa na mishipa yake wenyewe, myembamba, yenye upana wa milimita chache, inayouzunguka kwa nje. Ndani ya mishipa hiyo kuna utando laini wa chembe hai. Utando ukigongwa mchana na usiku na damu yenye shinikizo kubwa, ukipitiwa na sumu za sigara, ukiogeshwa katika sukari iliyozidi, unachubuka. Hapo mafuta yanayosafiri katika damu, ile kolesteroli mbaya, hupenya na kujibanza chini ya utando. Chembe za kinga humiminika kuyala, hula kupita uwezo wao, hufa palepale, na mizoga yao huongeza uchafu. Mwili nao hujaribu kufunika mahali hapo kwa kovu. Kinachobaki ni kama jipu ndani ya ukuta wa mshipa: katikati uji wa mafuta, juu ngozi nyembamba.

Jipu hilo haliumi. Linaweza kukaa miaka 20, hata 30, mwenyewe akienda kazini, akizaa watoto, akijenga. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha walichokiona walipopasua maiti 300 za askari waliokufa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Walikuwa vijana waliopimwa afya kabla ya kupelekwa vitani. Kati ya kila 10, zaidi ya 7 mishipa yao ya moyo ilikuwa imeshaanza kuharibika.

Halafu siku moja ile ngozi hupasuka. Damu ikiugusa uji uliokuwa umefichwa hufanya kile inachokifanya kwenye kidonda chochote: inaganda. Donge huziba njia ndani ya dakika chache. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo inakosa oksijeni, na baada ya dakika 20 au 30 inaanza kufa. Kila saa inayopita, sehemu inayokufa inazidi kuwa kubwa. Katika hali hiyo umeme unaoongoza mapigo unaweza kuvurugika, moyo ukabaki kutetemeka bila kusukuma damu, na mtu akaanguka chini funguo za gari zikiwa bado mkononi. Hicho ndicho tunachokiita kifo cha ghafla. Cha ghafla ni dakika ile ya mwisho tu. Yaliyotangulia yalichukua nusu ya umri wake.

Watanijibu: lakini alikufa baada ya kula kwa fulani! Sikatai. Wanaosema hivyo wameona jambo la kweli na kulisoma vibaya. Mlo mzito, pombe nyingi, hasira, kukesha, kubeba mzigo usiouzoea, vyote hivyo hupandisha mapigo na shinikizo la damu, na jipu lililokuwa tayari hupata sababu ya kupasuka. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulionyesha kwamba ndani ya saa mbili baada ya hasira kali, hatari ya shambulio la moyo huzidi mara mbili. Saa za asubuhi nazo zina hatari yake, kwa sababu mwili unapoamka shinikizo hupanda. Sasa zitazame sherehe zetu. Michopo, ile nyama choma iliyokolea chumvi, meza iliyojaa chupa za Simba na Tembo, mabishano ya mahari kati ya wakwe, muziki hadi jogoo awike. Mtu mwenye mishipa iliyooza akitoka hapo na kufa kabla ya saa sita mchana, aliyempikia hana hatia. Mgeni aliingia na kifo chake mwilini, na bilauri aliyopewa ilikuwa na bia tu.

Sumu nayo ina tabia zake. Dawa za kuulia wadudu, ambazo ndizo mtu wa mtaani anaweza kuzipata, humfanya mtu atokwe mate, atapike, aharishe, mboni za macho zisinyae, misuli itetemeke. Hazimbani mtu katikati ya kifua kisha maumivu yakapanda hadi tayani na kushuka mkono wa kushoto. Anayedai sumu na aombe maiti ipasuliwe. Hapo ndipo sauti nyingi hupungua: familia inakataa kisu cha daktari, lakini haikatai kumtaja jirani. Mchezaji wa mpira Marc-Vivien Foé alipoanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, Kameruni ikicheza na Kolombia, alikuwa na miaka 28 tu. Mwili wake ulipasuliwa, na ikajulikana kwamba msuli wa moyo wake ulikuwa umenenepa kupita kiasi, ugonjwa ambao mara nyingi mtu huurithi. Huo ni tofauti na ugonjwa wa mishipa kuziba, na haifai kuuchanganya nao. Lakini yeye alikimbia zaidi ya dakika 70 mbele ya macho ya dunia, na moyo wake ulikuwa mgonjwa muda wote huo. Mwanamuziki wetu Papa Wemba alipoanguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, akiwa na miaka 66, uvumi wa maikrofoni yenye sumu ulienea kabla hata hajazikwa. Mzee anaanguka usiku akiimba, na sisi tunaikimbilia maikrofoni.

Wako pia wasomi wanaoucheka ulozi huku wakiwa na ngano yao wenyewe: moyo ni ugonjwa wa Wazungu na wa matajiri. Ngano hii ina asili inayoeleweka. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alishuhudia jinsi shambulio la moyo lilivyokuwa adimu kwa Waafrika, kiasi kwamba mwaka 1956 yeye na mwenzake waliona vema kuchapisha makala nzima juu ya mgonjwa mmoja tu. Mmoja! Na hawakukosea. Watu wa wakati ule walitembea kwa miguu, walilima, walikula nafaka na majani ya shambani, na chumvi ilikuwa kitu cha kununuliwa kwa kipimo.

Lakini hatuishi tena mwaka 1956. Ingia jikoni Kampemba au Rwashi saa kumi na mbili jioni. Juu ya mbabula kuna sombe iliyotiwa mawese mpaka inang'aa. Ndani yake kuna vipande vya makayabo, samaki aliyehifadhiwa kwa chumvi hadi anakuwa mgumu kama ubao, na juu ya chumvi hiyo kumewekwa kube mbili za Maggi, kisha kijiko kingine cha chumvi kwa sababu baba amesema haijakolea. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kikijumlishwa kila kitu. Pembeni kuna bukari ya unga mweupe, mlima mzima, na chupa ya sukre, yaani soda tamu, kwa ajili ya mgeni. Nyumba hiyo si ya tajiri. Baba ataketi, atakula, atalala. Asubuhi atapanda teksi hadi mjini na kukaa kwenye kiti hadi jioni. Tumbo lake likianza kutangulia mbele, ndugu watampongeza kwamba sasa ni mukubwa. Mafuta ya tumboni ni kati ya mambo yanayotabiri shambulio la moyo vizuri zaidi, na sisi tunayapigia makofi.

Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi mkubwa ulioongozwa na Salim Yusuf wa Kanada, ulioitwa INTERHEART, uliokusanya wagonjwa kutoka nchi 52, za Afrika zikiwemo. Walitaka kujua kama sababu za shambulio la moyo zinabadilika kutoka taifa hadi taifa. Wakakuta mambo 9 yaleyale yanaeleza takriban asilimia 90 ya hatari yote: sigara, mafuta mabaya ya damu, shinikizo la damu, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, kutokula matunda na mboga, unywaji wa pombe na kutofanyisha mwili kazi. Kwa Waafrika weusi shinikizo la damu lilikuwa na uzito mkubwa kuliko kwa wengine. Ulozi haumo kwenye hesabu hiyo, wala rangi ya ngozi.

Hilo la msongo wa mawazo lazima nilikalie kidogo, kwa sababu katika mji huu lina historia yake. Union Minière, kampuni ya migodi, na baada yake Gécamines, ilimlea mfanyakazi kuanzia unga wa mahindi wa kila mwezi hadi shule ya watoto na kitanda cha hospitali. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu juu ya wana wa Shaba, jina la zamani la Katanga yetu, walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wengi wakiwa na madai ya mishahara ya miezi mingi nyuma yao. Wenyeji wanakwambia hadi leo: wale wazee walikufa kwa mawazo. Naamini kuna ukweli hapo. Mtu mwenye huzuni na hofu ya kila siku, mwili wake hubaki katika hali ya vita, shinikizo halishuki, usingizi hauji, chupa inakuwa rafiki. Lakini mawazo hayauni kwa miujiza. Hupita katika mishipa ileile, na mzee aliyepoteza kazi akapimwa, akapewa dawa na kuacha sigara, alikuwa na nafasi ambayo mwenzake hakuwa nayo. Kusema "alikufa kwa mawazo" na kuishia hapo ni kumwambia aliyebaki kwamba hakuna la kufanya.

La kufanya lipo, na huanza na kifaa kinachobebwa kwenye mfuko wa plastiki. Kando ya soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, utakuta kijana mwenye koti jeupe, meza ndogo na mashine ya kupimia tansio, yaani shinikizo la damu. Mama muuza mboga anaketi, ananyoosha mkono, kijana anapuliza, anasikiliza, anapuliza tena.

"Mama, tansio yako iko juu. Iko 19 kwa 11."

"Mutoto yangu, mi niko muzuri. Hata kichwa haiumi."

"Njo vile, Mama. Haiumake."

Katika mazungumzo hayo mafupi yamo yote ninayoyapigania. Kipimo cha kawaida kisipite 14 kwa 9, yaani 140 kwa 90 kama wanavyoandika majirani zetu wa Zambia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wazima bilioni 1.28 walikuwa na tansio la kupanda, na karibu nusu yao hawakujua. Dawa zake ni za zamani, hazina siri, na nyingi ni vidonge vya bei ndogo. Na hapa nakutana na msemo mwingine unaoua: ukianza dawa ya tansio hutaacha, kwa hiyo usianze. Wengine humeza mwezi mmoja, wakipimwa wakaambiwa imeshuka, wanaacha. Imeshuka kwa sababu unameza! Ukiacha inarudi, na mara hii inakuta mishipa iliyochoka zaidi. Mchungaji anayemwambia muumini atupe vidonge ili aonyeshe imani atakuwa wa kwanza kuhubiri kwenye maziko yake. Sali, ndugu yangu, na umeze.

Nikubali jambo moja kwa wanaosisitiza kwamba Katanga kuna sumu. Ipo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini huku kwetu, na kiasi cha kobalti walichokikuta kilikuwa kikubwa sana. Inajulikana pia kwamba katikati ya miaka ya 1960, huko Quebec, kobalti iliyotiwa kwenye bia ili povu lisimame iliwaua wanywaji kwa kudhoofisha msuli wa moyo. Hapa kwetu vumbi la migodi na moshi wa viwanda vinastahili kuulizwa maswali makali, na hewa chafu kwa ujumla inajulikana kwamba huongeza mashambulio ya moyo. Nguvu tunazozitumia kumfokea shangazi mzee tungezipeleka kwa wanaochafua hewa na maji yetu, tungekuwa tumepata kitu.

Tunazipeleka kwa mjane. Hili ndilo linalonikasirisha kuliko yote. Mume ameanguka bafuni saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya jioni shemeji wameshakagua sufuria, wameuliza nani alipika, wamechukua hati za kiwanja na ufunguo wa gari. Mwanamke aliyekuwa akimwambia mumewe kila wiki "Baba fulani, punguza chumvi, nenda wakupime" anaitwa mulozi mbele ya watoto wake. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inamlinda mjane asitolewe ovyo katika nyumba ya ndoa, lakini jina la mulozi hufanya kazi haraka kuliko mahakama. Na hao mashemeji wanaobeba magodoro nje ni damu moja na marehemu. Baba yao mmoja, meza waliyolelewa nayo moja. Tansio na mafuta mabaya ya damu hufuata ukoo. Wao ndio waliopaswa kutoka kilioni wakaenda kupimwa, na wanarudi nyumbani wameridhika kwamba mwenye kosa amepatikana.

Usitegemee pesa pia. Wenye uwezo mjini hapa huenda kutibiwa Afrika Kusini au India, na kwa maradhi mengi hilo linasaidia. Kwa donge lililoziba mshipa wa moyo halisaidii. Dawa ya kuyeyusha donge hufaa zaidi katika saa za mwanzo, na baada ya saa 12 faida yake hupungua mno. Hakuna tiketi ya Johannesburg inayoshinda saa hizo. Kinachookoa ni kutambua dalili na kutoka nyumbani upesi, na hapa tunapoteza watu wengi kwa neno moja, gastriti. Kifua kinabana, jasho la baridi linatoka, kichefuchefu kinakuja, na mtu anapewa maziwa au soda ya unga, anaambiwa alale. Kwa wanawake na wenye kisukari dalili huweza kuwa ndogo zaidi: uchovu usio na sababu, pumzi kukatika, maumivu ya chembe ya moyo au ya mgongo. Ndiyo maana mama zetu wengi huambiwa ni tumbo.

Kujikinga hakuhitaji daktari bingwa. Kube zipungue, makayabo alowekwe usiku kucha na maji yamwagwe mara mbili. Matembele na lengalenga ziongezwe, bukari ipunguzwe, sukre iachiwe siku kubwa. Kutembea nusu saa kwa siku tano katika wiki hakugharimu kitu. Kutoka Kenya hadi katikati ya mji watu walikuwa wakitembea. Anayevuta sigara na aache leo, kwa kuwa baada ya mwaka mmoja hatari iliyoongezwa na sigara hushuka karibu nusu. Mwenye miaka 40 apimwe tansio na sukari kila mwaka, na ambaye baba, mama au ndugu yake alianguka ghafla asingoje 40.

Na wewe unayesoma, kama usiku huu kifua kikikubana au kikimbana mtu wako kwa zaidi ya dakika 15, usimuite mwombaji kwanza na usingoje kupambazuke. Mketishe, usimwache atembee, mpe aspirini moja aitafune kama haimdhuru na hajakatazwa, tafuta teksi au pikipiki yoyote, nenda hospitali ya Sendwe, nenda Kliniki za Chuo Kikuu, nenda hospitali kubwa iliyo karibu nawe, na ukifika mlangoni sema wazi kwamba ni moyo.